Inchi za skrini zinadanganya: nenda dukani na karatasi ya A4

Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua hata faili moja la kazi, simu ikalia. Mwana wa dada yangu, kutoka Garissa. "Abti, tumepata skrini sita. Inchi 19, pana, HD, na muuzaji ametushushia bei. Nilipe ama ningoje?"

(Kwa msomaji asiyejua: kwa Kisomali mjomba na mpwa huitana kwa neno lile lile, abti. Ndiyo maana mazungumzo yetu humchanganya mke wangu.)

Nikamwambia angoje mpaka jioni nimpigie. Hakungoja. Jioni nilipompigia alikuwa ameshalipa, skrini zimeshafungwa kwenye basi Eastleigh, na yeye ameshaanza kupima meza.

Sasa nieleze hii biashara ni ya nini, maana bila hivyo mtadhani nalalamikia jambo dogo. Yeye na wenzake wawili wamekodi chumba karibu na barabara ya Kismayu. Mchana ni saiba: watu wanakuja kujaza fomu za eCitizen, KRA, HELB, kuchapa barua, kuskani vyeti. Usiku, baada ya swala ya Isha, vijana wanakuja kucheza gemu. Kompyuta ni zile zile, skrini ni zile zile. Pesa ilitoka kwa mbuzi waliouzwa na kwa mchango wa mama zao. Hakuna benki hapo, na hakuna pesa ya kukosea mara mbili.

Skrini zikafika. Siku ya tatu akanipigia tena, sauti imeshuka. "Abti, mbona fomu haiingii?"

Fomu haiingii. Hayo maneno mawili ndiyo yaliyonifanya niandike.

Haya basi, tuanze na hesabu, na nitajaribu kuwa mfupi. Inchi anayokutajia muuzaji ni mstari wa mshazari, kutoka pembe ya chini kushoto hadi pembe ya juu kulia. Haisemi upana wala kimo. Skrini mbili zinaweza kuwa na mshazari mmoja na zisifanane kabisa. Chukua ile monita ya zamani ya inchi 19, ya mraba-mraba, ambayo maofisi ya Ulaya yalijaza mwaka 2005 na sasa zinatufikia kwa makontena. Uwiano wake ni 5:4. Upana wake ni sentimita 37.7 na kimo sentimita 30.1. Sasa chukua inchi 19 pana, 16:9. Upana sentimita 42.1, kimo sentimita 23.7. Umeongezewa sentimita nne na nusu za pembeni, ukanyang'anywa sita na nusu za juu. Ukizidisha, ile ya mraba ina eneo la sentimita mraba 1,135 na ile pana ina 997 hivi. Asilimia 12 imeenda, na namba ya inchi kwenye sanduku ni ile ile.

Na hizo za mpwa wangu hazikuwa hata 19. Tulipopima kwa futi ya fundi zilikuwa 18.5, kimo sentimita 23. Muuzaji aliziongezea nusu inchi kwa mdomo.

Mchezo huu si mpya. Enzi za monita za kioo kizito, zile za kubebwa na watu wawili, inchi 17 ilikuwa na inchi 16 tu hivi za kuonekana, nyingine zimefichwa nyuma ya plastiki. Marekani watengenezaji walishtakiwa kwa hilo miaka ya 1990, ndiyo wakaanza kuandika kipimo cha sehemu inayoonekana. Siku hizi hawadanganyi kuhusu mshazari. Wanabadilisha umbo tu.

Kwa nini walibadilisha? Si kwa ajili yako wewe unayejaza fomu. Umbo la 16:9 lilipendekezwa miaka ya 1980 na mhandisi mmoja aitwaye Kerns Powers, akiwa kwenye kamati za chama cha wahandisi wa filamu na televisheni cha Marekani, SMPTE. Alikata mistatili ya maumbo yote ya sinema na televisheni ya wakati huo, akaipanga moja juu ya nyingine, akatafuta umbo moja linaloweza kuibeba yote bila kupoteza nafasi nyingi. Ni suluhu ya televisheni ya 4:3 na sinema pana. Kazi nzuri sana, kwa sinema. Kompyuta ziliendelea na 4:3 na 5:4, halafu 16:10, hadi kama mwaka 2008 viwanda vilipoona kwamba kioo kimoja kinaweza kukatwa televisheni na monita kwa pamoja, kwa bei nafuu. Miaka miwili mitatu baadaye 16:10 ilikuwa karibu kutoweka madukani. Kwa kifupi, tunafanya kazi kwenye televisheni.

Turudi kwenye fomu. Skrini za mpwa wangu zina nukta 1366 kwa 768. Ondoa mkanda wa chini wenye saa, nukta 40. Ondoa vichupo na anwani vya kivinjari, sema 90. Inabaki kama 638 za kusomea. Ile monita ya mraba ina nukta 1280 kwa 1024. Ukiondoa vitu hivyo hivyo unabaki na 894. Hiyo ni asilimia 40 zaidi ya ukurasa mbele ya macho yako, kwenye kifaa ambacho duka lile lile lilikuwa linakiuza kwa nusu ya bei! Aliziona zimepangwa kwenye kona. Nilipomuuliza kwa nini hakuzichukua alisema zinaonekana za kizee.

Msanidi programu mwenzangu wa Nairobi atasema: si asogeze gurudumu la kipanya tu? Ashuke chini. Hapo ndipo mtu ambaye hajakaa saiba ya Garissa hukosea. Mteja hakai mbele ya skrini. Anayejaza ni karani, na mteja anakaa ubavuni anamtajia. Mara nyingi ni mzazi aliyekuja kumtafutia mtoto cheti cha kuzaliwa, au mwanafunzi anayeomba mkopo wa chuo. Na majina yetu, mnayajua. Mtu mmoja ni Mohamed kwenye kitambulisho, Mohammed kwenye cheti cha shule, Maxamed kwenye karatasi iliyotoka ng'ambo ya mpaka, kwa sababu tangu mwaka 1972 Kisomali huandikwa kwa herufi za Kilatini ambapo x ni ile h ya kooni na c ni ayn. Abdi anakuwa Cabdi. Karani anayesikia jina kwa sikio atachagua moja. Mteja anapaswa kuliona, aseme "hapana, siyo hivyo." Akiwa anaona theluthi moja ya fomu, kutoka pembeni, kwenye kioo cha bei nafuu ambacho kikitazamwa kwa mshazari rangi zinageuka majivu, ataona nini? Atasema sawa. Miaka minne baadaye jina halilingani na anaambiwa aanze kuzunguka na hati za kiapo. Eneo letu hili ambapo karatasi ya mtu hukaguliwa mara nyingi kuliko kwingine, herufi moja si jambo dogo.

Katika wiki ile ya kwanza ilitokea mara mbili. Mara ya kwanza waligundua kabla ya kutuma. Mara ya pili mama mmoja alirudi kesho yake na mwanawe anayejua kusoma, akiwa ameshika chapisho, na mpwa wangu akalazimika kumrudishia pesa yake na kuomba radhi mbele ya wateja. Nadhani hapo ndipo alipoanza kunisikiliza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhitaji kikokotoo. Kunja karatasi ya A4 mfukoni, nenda nayo dukani, ikunjue, isimamishe mbele ya skrini. A4 ina kimo cha sentimita 29.7. Ikizidi kioo, acha. Ikilingana, kaa chini mzungumze bei. Utashangaa ni ngapi zitafeli. Inchi 18.5 inafeli kwa karibu sentimita saba. Inchi 20 pana inafeli, ina 24.9. Hata inchi 21.5, ambayo kila mtu anaiita 22, inafeli: 26.8. Pana ya 16:9 inayopita mtihani huu inaanzia inchi 24, yenye kimo cha sentimita 29.9. Ile ya kizee ya inchi 19 inapita, 30.1. Yaani ukiweka inchi 24 mpya na inchi 19 ya mraba bega kwa bega, zinalingana kimo karibu sawasawa! Na ukubwa wa herufi pia unakaribiana, maana moja ina nukta 92 kwa inchi na nyingine 86. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Ni bahati, na nimeshangaa kwamba watu wachache huitumia.

Hapo ndipo tulipofikia na mpwa wangu. Kila meza ya karani iwe na inchi 24 ya 1920 kwa 1080, ya karani mwenyewe, na pembeni inchi 19 ya mraba iliyogeuzwa kumtazama mteja. Lakini jamani, msidurufishe picha. Ukiiambia Windows ionyeshe kitu kimoja kwenye skrini zote mbili italazimisha kipimo kimoja na moja kati yao itakuwa na ukungu au mikanda myeusi. Chagua kupanua, halafu fomu ikishajazwa buruta dirisha zima upande wa mteja. Asome jina lake taratibu, juu hadi chini, akiwa amekaa mbele yake kama mtu, si kama mtu anayechungulia.

Kompyuta zao ni kuukuu, zina tundu la VGA na la DisplayPort, kwa hiyo ile ya mraba ilikaa kwenye VGA. VGA ni mawimbi, si tarakimu. Ikionekana imefifia bonyeza kitufe cha kujirekebisha kwenye monita yenyewe kabla hujailaumu kebo. Kama kompyuta yako haina VGA, usinunue kebo kavu ya HDMI kwenda VGA, unahitaji kigeuzi chenye chipu ndani. Hilo limewala watu wengi.

Sasa gemu. Hapa sitajifanya mzee. Kwa gemu umbo pana lina haki yake. Gemu nyingi za leo zimejengwa kwa 16:9, na skrini ikiwa pana zaidi unaona zaidi ya pembeni. Haikuwa hivyo tangu mwanzo: BioShock ilipotoka mwaka 2007 wenye skrini pana waligundua wanaona kidogo kuliko wenye 4:3, kwa sababu picha ilikuwa imekatwa juu na chini. Kelele zilipigwa, ikarekebishwa. Kwa mpira, kwa magari, kwa karibu kila kitu ambacho vijana wa Garissa wanalipia kwa saa, 16:9 ndiyo yenyewe. Isipokuwa GTA San Andreas, ambayo bado wanaicheza kama vile imetoka jana. Hiyo ni ya mwaka 2004 na kwenye monita ya mraba inapendeza, ukiiweka 1280 kwa 960 na kukubali vimikanda viwili vyeusi vya nukta 32. Ukiilazimisha ijaze 1280 kwa 1024 kila mtu anakuwa mwembamba na mrefu. Kuna pia wachezaji mahiri wa Counter-Strike ambao kwa makusudi huweka 4:3 na kuivuta ijaze skrini pana, ili adui aonekane mnene. Kila mtu na dini yake.

Wale walioniuliza juu ya 144 Hz: kama unaunganisha PS4, inatoa 60 na basi. Kama ni kompyuta ya ofisi iliyostaafu, haitafika hata hizo 60 kwenye gemu nzito. Weka pesa hiyo kwenye kimo.

Na televisheni? Hili swali hunijia kila mwezi. "Inchi 32 ni bei ile ile ya monita ya 24, kwa nini nisichukue kubwa?" Televisheni nyingi za inchi 32 za bei hiyo zina nukta 1366 kwa 768. Zile zile za mpwa wangu, zimetandazwa! Nukta 49 kwa inchi. Kwa mpira wa vijana wanne waliokaa mita mbili nyuma ni nzuri, hata mimi ningeweka moja ukutani, na nikakumbuka kuwasha hali ya gemu ili kitufe kisichelewe. Kwa kusoma herufi ukiwa umeketi sentimita 60 ni mateso. Inchi 27 yenye 1920 kwa 1080 ina ugonjwa huo huo kwa kiasi kidogo, nukta 82 kwa inchi. Ukitaka 27, tafuta yenye 2560 kwa 1440, na uhakikishe kompyuta yako inaiweza.

Mimi mwenyewe, kwa kazi ya kuandika programu, bado nina inchi 24 ya 16:10, 1920 kwa 1200, niliyonunua ikiwa imetumika mwaka 2013. Nukta 120 za ziada juu ya 1080 ni kama mistari sita ya msimbo. Sita tu? Ndiyo, sita. Lakini ni sita zinazoamua kama nauona mwanzo na mwisho wa kitu ninachokitengeneza bila kusogeza. Ukiipata kwa bei ya kueleweka, inyakue, hata kama fremu imechubuka. Mwenye shingo imara anaweza pia kuisimamisha ile ya inchi 24 wima, ikawa ukurasa mrefu. Nilifanya hivyo miezi kadhaa nikasoma kumbukumbu za hitilafu kwa raha, halafu nikachoka kugeuza kichwa.

Kuna jambo moja ambalo makala za huko nje hazitakuambia, nalo ni joto. Garissa mchana kupita nyuzi 35 si habari. Soma karatasi inayokuja na monita: nyingi zimeandikwa zifanye kazi kati ya nyuzi 0 na 40. Chini ya mabati, saa nane mchana, na watu kumi na wawili chumbani, arobaini unaipita bila kujua. Nilifanya kazi saiba moja mwaka 2006, jenereta nje, dishi la setilaiti juu ya paa, na monita nane za kioo kizito ndani. Kila moja ilikula kama wati 80. Hiyo ni zaidi ya wati 600 za joto tulizolipia kwa dizeli, halafu tukalipia feni ya kuliondoa. Inchi 24 za leo zenye taa za LED hula kama wati 20, na ukishusha mwanga zinapungua zaidi. Kwa wenzetu wa Wajir na Mandera, ambako umeme umetoka kwenye mitambo ya dizeli kwa miaka mingi, na kwa yeyote anayeendesha duka kwa sola na betri, hizi wati ni saa za kazi. Garissa wana ule mtambo wa sola wa megawati 50 uliozinduliwa mwaka 2019, lakini umeme ukipotea umepotea, na betri ya dharura haijali umeme ule ulitoka wapi.

Acha nafasi nyuma ya skrini, usiibandike ukutani. Iweke ubavu wake uelekee mlango, si uso wake; jua la pale likiingia mlangoni hakuna mwanga wa monita utakaolishinda. Chagua kioo kisichong'aa. Na kwenye zile za mtumba washa ukurasa mweupe uangalie: zile zenye taa za mirija, ambazo ni karibu zote za mraba, zikizeeka zinakuwa za manjano na giza pembeni. Subiri dakika kumi kabla ya kuamua, huwa zinachelewa kupasha moto. Kagua stendi pia, maana kwenye basi ndiyo huvunjika kwanza. Ikiwa nyuma kuna matundu manne ya milimita 100 kwa 100, fundi wa vyuma atakutengenezea mkono.

Zile ofisi zilizotupa kompyuta baada ya Windows 10 kuachwa bila msaada Oktoba 2025 zilitupa na monita zake, ambazo hazina kosa lolote. Monita haijui Windows. Kama una rafiki kwenye ofisi kama hiyo, mpigie kabla hajamwita mchukua taka.

Mpwa wangu ameuza nne kati ya zile sita, kwa hasara, kwa duka la sinema lililotaka pana na halijali kimo. Kwa pesa hiyo amepata inchi 24 moja iliyotumika na za mraba mbili. Meza moja imekamilika. Ya pili ina ile ya mraba peke yake, na karani na mteja wanaigeuza huku na huku kama chano. Mbili pana zilizobaki ni za gemu. Bado hajafikia alikotaka, na hatafika kabla ya mvua, lakini tangu wapange meza ile hajarudi mteja na chapisho mkononi.

Jana amenitumia ujumbe: kuna mtu anauza inchi 34, ile iliyopinda, pana kupita kiasi. Nimemjibu anipigie picha akiwa ameishika A4 mbele yake.

"Abti," akasema, "hii karatasi itapita."

Itapita, najua. Nimemwambia ahesabu ni ngapi za mraba angepata kwa bei hiyo, kisha anipigie.